Mjumbe wa Vilio na Redio ya Ng'ambo

Ungemwona anakuja kwako asubuhi, ungetamani mbwa wako amng'ate arudi alikotoka. Nasema hivi bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alijua. Alikuwa mjumbe wa vilio. Mtu akifa Nchelenge na ana ndugu kisiwani Chisenga, au akifa Pweto upande wa Kongo na ana ndugu hapa kwetu Kashikishi, yeye ndiye aliyepewa safari. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Waingereza wakitutawala huku na Wabelgiji wakitawala kule, lakini ziwa la Mweru halikujua habari hizo. Ndoa, samaki na misiba vilivuka kila siku. Tulimwita Mjumbe, basi. Ua mmoja wa matete ulitenga nyumba yake na yetu, na nyuma ya ua huo mume wangu alikuwa akiunda mitumbwi ya mbao kutwa nzima.

Kwa kuwa watu walimwogopa, Mjumbe alijizoeza kupiga kelele tangu njiani kila alipokuja kwa shida zake za kawaida.

"Niko bule, mama!" alikuwa akipaza sauti, yaani leo hakubeba kilio. "Minakuya juu ya chumvi tu!"

Na ni kweli alikuja kwa ajili ya chumvi. Sijapata kuona mtu mchoyo wa chumvi kama yule. Yake aliificha chini ya kitanda, ya kwetu akaichota kwa kiganja kizima. Nikimsema alicheka, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa watani. Yeye ukoo wa Mbuzi, mimi ukoo wa Chui, na huku kwetu Chui na Mbuzi hutaniana tangu enzi za mababu. Kwa Kibemba tunaitana banungwe. Nilikuwa na ruhusa ya kumwambia asubuhi kwamba leo nimeamka na hamu ya nyama ya mbuzi, naye alikuwa na ruhusa ya kuniambia kwamba meno yangu yameoza. Hakuna aliyekasirika. Tungekasirika kama siku ingepita bila neno.

Lakini utani huo si mchezo peke yake, na hapa lazima nieleze, maana bila hilo hutaelewa aibu yetu. Mtu akifa, mtani ndiye anayechimba kaburi. Mtani ndiye anayekuja kilioni akasema kwa sauti, "Tumemla huyu, na mifupa tumetafuna," na waliofiwa hucheka huku machozi yanawatoka, wakapata kupumua. Na neno lenyewe la kifo, lile neno moja, humwambii mfiwa wewe ndugu wala wewe jirani. Linatoka kinywani mwa mtani, ana kwa ana, mkono wake ukiwa begani mwako.

Kwa hiyo kazi ya Mjumbe ilikuwa kukufikisha kwenye neno hilo polepole, kisha kukukabidhi. Alifika, akaomba maji, akauliza habari za mihogo. Baadaye akasema ndugu yako hajisikii vizuri. Baadaye tena, hali imeharibika kidogo, ingefaa uende. Kisha akakulazimisha kupika ugali.

"Kula bukari kwanza," alisema. "Njia iko murefu, na mutu wa njaa anaanguka."

Ulikula huku unamtazama, na unajua, naye anajua kwamba unajua, lakini hakuna aliyesema. Mlipofika karibu na kule kwenye msiba, mtani alikuwa anangoja njiani. Hapo Mjumbe alirudi nyuma, akakaa pembeni, akatoa tumbaku yake.

Mama mmoja wa Mofwe alipomwona anashuka kwenye mtumbwi alikimbilia ndani ya matete, majini, akagoma kutoka. Watu walitaka kumvuta. Mjumbe aliwazuia, akakaa ukingoni na kapu la karanga la yule mama, akaanza kumbanjulia. Jua lilipanda, likageuka. Mama alipotoka, nguo zimelowa, karanga zote zilikuwa zimekwisha kubanjuliwa. Walipomuuliza kwa nini alipoteza siku nzima, alisema, "Miye sina mbio. Nani alisema niko na mbio?"

Sasa usifikiri alikuwa mtakatifu. Aliogopa maji, yeye aliyevuka ziwa maisha yake yote. Alikaa chini kabisa kwenye mtumbwi, macho kayafumba, akiwatukana wapiga kasia kila wimbi lilipopiga. Kilioni hakumwaga chozi, ila harusini kanisani alilia mpaka mchungaji akakatiza maneno. Tena alipenda sifa. Alipenda kuitwa kwa sauti mbele za watu, apewe kiti, aulizwe safari. Na hilo hasa ndilo alilolikosa, kwa sababu ya kazi yake. Watu walimheshimu sana na hawakumtaka hata kidogo.

Kisha ikaja redio.

Redio ya serikali kutoka Lusaka tuliijua. Ilisema Kibemba safi na ilituhimiza kuchimba vyoo. Hii ilikuwa nyingine, ya kampuni ya biashara kutoka Katanga, iliyotangaza sabuni, baiskeli na bia katikati ya nyimbo. Masikio ya Kongo yao walikuwa wameshayajaza, sasa walitaka na ya upande wetu. Walimtuma ajenti, Mkongo wa mjini mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya Kashikishi yaliviweka sawa siku ya kwanza. Alisimama sokoni akaanza.

"Bamama na batata! Inchi yenu iko kadogo, lakini masikio yenu iko mingi! Shiye tunaleta musiki, tunaleta nuvele, habari ya dunia, tunaleta bei ya samaki. Bule!"

Watu walicheka. Mume wangu hakucheka.

"Anasema kadogo mbele ya wenyewe," alinung'unika. "Na hii bule yake, nani anailipa?"

Mpango ulikuwa huu: wangetundika kipaza sauti juu ya nguzo pale sokoni, na betri zao, kwa kiangazi kizima, tuonje. Mwisho wa kiangazi wazee wa bandari wangeulizwa mbele ya karani wa boma kama wanataka redio ile ije moja kwa moja, na mlingoti wake na ofisi yake. Jibu letu lingekuwa jibu la pwani yote ya ziwa upande huu.

Hapo ndipo mabishano yakaanza, na kwangu yalikuwa nyumbani. Mume wangu aliona hatari. Sisi tunauza samaki, wao wananunua, alisema, na mnunuzi akishika tarumbeta atatangaza bei anayoipenda. Watatufundisha kutamani sabuni ya faranga nasi mfukoni tuna pesa za Mwingereza. Nchi ndogo ikisikiliza nchi kubwa tangu alfajiri hadi jioni, itabaki na la kusema? Yalikuwa mawazo mazuri, nayakubali leo, ingawa wakati ule nilimwona mkorofi tu, kwani nyimbo zilikuwa tamu kweli.

Aliyempinga kila jioni, mdomo juu ya ua wa matete, ni Mjumbe. Yeye alitaka redio ije, ije hata kesho. Tulishangaa. Nilimuuliza, wewe Mbuzi, redio ikianza kutangaza vilio, utakula nini?

"Nitavua samaki kama batu," akasema. "Mukwai, mama, sikia. Ile siku redio itasema vilio, miye nitaingia kwa mutu na atanipa kiti. Atasema, karibu muzee. Hatatazama mikono yangu kwanza kama nabeba kilio."

Mume wangu aliacha kubisha jioni ile.

Halafu kulikuwa na yule Chui. Mtangazaji wao mmoja alikuwa mtoto wa ziwa letu, ukoo wa Chui kama mimi, na alimfahamu Mjumbe tangu zamani. Siku moja katikati ya tangazo la baiskeli tukasikia, "Weye Mbuzi muzee wa Kashikishi! Uko muzima bado? Sufuria yetu inachoka kukungojea!" Soko zima lililipuka. Mjumbe, ambaye alikuwa akipita na kapu la mihogo, alisimama chini ya nguzo akaijibu kana kwamba ina masikio. "Meno yako yaliisha, Chui! Utanitafuna na nini?"

Tangu hapo ikawa kila siku. Watu walivuka kutoka Chisenga kuja kusikiliza. Chui alisema amesikia Mbuzi kafa, na bia ya kilio wamekwisha kunywa. Mbuzi alijibu kwamba kaburi la Chui limeshaota nyasi. Mjumbe alinunua shati. Alipewa kiti kwenye kibanda cha chai, kiti chenye mgongo, na watoto walimwita kwa sauti barabarani. Ajenti aliposikia habari alikuja mwenyewe kumshika mkono, akatuambia kwamba huyu ndiye redio, nyinyi nyote mnamsikiliza huyu. Sijamwona Mjumbe ana furaha vile, si kabla wala baadaye. Nikikumbuka furaha ile najisikia vibaya hata sasa.

Alikuwa na dada mmoja, ameolewa Pweto.

Ilikuwa saa ya soko, dagaa wa chisense wameanikwa kila mahali, mimi nimekaa na mtungi wangu wa kinywaji cha munkoyo. Wimbo ulikatika. Sauti ya Chui ikaja, ileile ya kila siku.

"Weye Mbuzi wa Kashikishi, sikia. Dada yako wa Pweto tumemukula. Shiye Chui tumemukula na mifupa. Kuya mbio, uchukue mabaki."

Ni maneno ya kilio. Ndiyo maneno yenyewe hasa, hakukosea hata moja. Tulikuja kujua baadaye kwamba ndugu wa Pweto walipeleka habari redioni wakidhani ndiyo njia ya haraka, na Chui alidhani kuna mtu huku ameshamwandaa mzee, ameshamlisha, ameshamfikisha chini ya nguzo. Yeye akatimiza nusu yake kama mtani mwema. Nusu ya kwanza hakuna aliyeifanya. Aliyekuwa akiifanya ziwani kote alikuwa ni huyuhuyu aliyesimama pale na shati lake jipya, akingoja utani wa siku.

Akacheka. Alirusha kichwa nyuma akacheka.

"Dada yangu iko na nyama nguvu!" akaijibu nguzo. "Mutalala na njaa, Chui! Mutaacha meno ndani!"

Nasi tukacheka. Soko lote. Mimi kama Chui nilidakia kwamba na yeye tutamla na ndizi, wakacheka zaidi. Kisha ukaanza wimbo wa sabuni, ule wa kuchezesha mabega, na kina mama walisimama, na Mjumbe alicheza katikati yao mpaka wimbo ukaisha.

Mtumbwi wa Pweto ulifika baada ya maziko. Alishuka kijana mmoja, kichwa kimenyolewa, mtoto wa yule dada. Lazima ujue kwamba kwetu watoto wa dada ndio wako. Ndio watakaokuzika na kulibeba jina lako. Mjomba wanamwita bayama, na hawamwambii neno zito mbele za watu. Huyu alilisema palepale bandarini.

"Bayama, tulikungojea. Tulichelewesha kuzika juu yako. Redio haikufika huku?"

Nilikuwa hapo. Niliona uso wa Mjumbe ukifahamu, hatua kwa hatua, bila mtu wa kumshika bega.

"Ilifika," akasema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na haukukuya?"

Angeweza kueleza. Neno moja tu, kwamba nilidhani ni utani. Lakini kijana angeuliza, ulidhani ni utani, ukafanya nini? Na soko lote lilikuwa limesimama pale, mashahidi wa alichofanya. Mzee alichagua afadhali aonekane amemdharau dada yake kuliko ijulikane alimchezea ngoma. Hakuna aliyemsemea. Tulitazama samaki. Mtu mmoja alianza kufunga gunia ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Kijana alikataa chakula. Wakati mume wangu anamsukumia mtumbwi, alituambia sisi wawili kwamba ilikuwa homa, na kwamba mama yake aliuliza mpaka siku ya mwisho kama kaka yake amefika. Kisha akaondoka, na watoto wa dada yule hawakukanyaga tena nyumbani kwa mjomba wao.

Kwa desturi, sisi Chui tungemwendea jioni ile. Tungekaa naye chini, tungemwambia sasa ilivyopasa, tungemtania mpaka alie. Ilikuwa kazi yetu. Hakuna aliyekwenda. Ungemwendea na utani upi, baada ya ule? Kila Chui wa Kashikishi alipita mbali na mlango wake, nami niliyetengwa naye na ua wa matete nikajifunza kukohoa kabla ya kutoka nje ili tusikutane. Alifunga mlango wake kimya. Hakulia. Kazi ya vilio aliiacha bila kumwambia mtu, na walipokuja kumtuma alitikisa kichwa tu.

Na yule Chui wa redio, masikini, hakujua kitu. Aliendelea. Kila siku sauti yake ilikuja, weye Mbuzi, weye Mbuzi, na soko liliinamisha vichwa. Mwishowe mume wangu alipanda nguzo akakivika kile kipaza sauti gunia la samaki.

Kiangazi kikaisha, ajenti akarudi na viatu vingine, pamoja na karani wa boma. Tulikusanyika sokoni. Alikuwa na jibu la kila sababu. Bei? Watatangaza ya pande zote mbili. Faranga? Watapokea na pesa za Mwingereza. Lugha? Watasema Kibemba pia. Mume wangu alizitoa hoja zake zote nzuri, na ajenti alizizima moja baada ya nyingine huku akitabasamu. Kisha akageuka.

"Bon. Tuulize vedeti yetu, nyota yetu. Muzee, weye njo redio ya Kashikishi. Waambie benzako. Kuko mubaya gani?"

Mjumbe alikuwa amekaa mwisho kabisa, chini. Aliinuka. Nilimwona anafungua kinywa, na najua, hadi leo najua, kwamba angesema ukweli, kwa sababu hakuwahi kuulizwa habari ya kifo akadanganya. Angesimama pale mbele ya ajenti, karani na soko zima, na angesema mwenyewe kwamba alicheza.

"Inafukuza samaki!" mume wangu akapiga kelele.

Ajenti aligeuka. "Comment? Nini?"

"Ile sauti. Samaki anaisikia chini ya mayi, anakimbia. Tangu mulitundika ile kitu, nyavu iko bule."

Ulikuwa uongo mtupu. Tulikuwa tumevua vizuri msimu ule, samaki walikuwa wameanikwa mbele ya macho yake. Lakini mama mmoja alidakia kwamba kweli, wamekimbilia Pweto. Mwingine akasema hata mamba wamehama. Mimi nikasema kuku wangu wameacha kutaga. Wazee wote wa bandari, watu wazima, wakasema mmoja mmoja, kwa uso mkavu, kwamba hawataki redio kwa sababu samaki wanaogopa kelele. Ajenti alicheka mpaka akashika tumbo. Karani naye. Sababu kama hiyo huwezi kuijibu, unaicheka tu na kuondoka. Waliondoka na nguzo yao.

Mjumbe alikaa tena chini. Hakumtazama mume wangu, na mume wangu, fundi aliyejivunia akili zake kuliko mtu yeyote niliyemjua, alibaki kuchekwa tangu siku hiyo, kutoka hapa hadi mji wa Kawambwa. Mpaka leo ukienda mjini watakuambia watu wa Mweru ni washamba, walikataa redio wakihofia samaki. Nimesikia mwalimu akilisimulia kanisani. Sikusahihisha.

Baadaye Mjumbe alihamia Chisenga, kwenye kambi za wavuvi, mahali ambapo wengi hawakumjua. Miaka ilipita. Mume wangu alikuwa amefariki nilipokwenda huko kununua samaki wakavu, mchana, jua kali. Nilimkuta amekaa mlangoni anafuma wavu, amekonda. Nilitaka kupita. Aliniita.

"Weye njo Chui."

"Ndiyo, muzee."

Aliweka wavu chini. "Chui, miye sijaambiwa."

Sikuuliza nini. Nilitua kapu langu. Sikuwa na utani wowote kinywani, wala hatua zake zile za polepole sikuzijua, maana hakuna aliyejifunza kwake. Nilipiga magoti mbele yake, nikaweka mkono begani mwake, nikamwambia. Nilisema, Mbuzi, dada yako wa Pweto amekufa.

"Nini ilimukamata?"

"Homa."

"Aliniita?"

Nilitamani kusema hapana.

"Alikuita," nikasema. "Aliuliza mpaka siku ya mwisho kama umefika."

Alivuta shuka akajifunika kichwa, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja mbio, wake zao nyuma, wakinizunguka na kuniuliza nani amekufa.

"Dada yake," nikawaambia.

Wakauliza lini.

Nikasema, leo.